Nyumba moja, laini nyingi: tupange simu zetu wenyewe
Maneno kwa vijana wa Kasongo na Kabambare

Leo hatukuitana kwa kutembea barabarani. Tunazungumza juu ya kitu chenye kiko mu mufuko ya kila mutu hapa: telefone.

Angalieni mu parsele zetu. Baba iko na kadi ya Vodacom, mama ya Airtel, yaya ya Orange. Kila mutu ananunua inite zake na mega zake. Ndugu wa Kabambare unamupata kwa rezo moja, wa Salamabila kwa ingine, wa Kindu kwa ingine tena. Mwezi ikiisha, nyumba moja imelipa intaneti mara tatu ao ine. Na siku mugonjwa anazidiwa usiku, mwenye inite hana rezo, mwenye rezo hana inite. Ile shida inaweza kupunguka: intaneti moja ya nyumba, na laini nyingi za sauti juu yake.

Njia ya kwanza iko mu mikono yenu tayari. WhatsApp inakata sauti vipande-vipande, inaipitisha mu intaneti, kule inarudi kuwa sauti. Kadi ya SIM inahitajika kwa kufungula konti. Kisha pale, telefone inaweza kuita kwa Wi-Fi tu. Ruta moja inatosha kwa watu watano, na kila mutu anabaki na namba yake.

Njia ya pili ni santrali ndogo ya nyumba. Kuna programu ya bure, Asterisk, yenye Mark Spencer alianzisha mu 1999. Unaiweka mu ordinatere ndogo sawa Raspberry Pi, unaiunganisha na ruta, unapatia kila mutu namba: 101 baba, 102 mama, 103 duka, 104 chumba ya vijana. Mu kila telefone ya Android unaweka Linphone, nayo ni ya bure. Ukipiga 102, kwa mama inalia. Simu ya ndani inapita mu Wi-Fi ya nyumba tu, haikule hata mega moja. Hata intaneti ikikatika, mutaendelea kuitana. Wazeni kituo cha afya: chumba ya kuzalisha, laboratware, famasi, mulinzi wa mulango, wote wanaitana bila inite.

Sasa tuhesabu, juu wengi wanauziwa kitu kikubwa kuliko hitaji lao. Simu moja ya sauti isiyobanwa inaomba karibu kilobiti 87 kwa segonde kwenda, na 87 kurudi. Watu wane wakiongea pamoja na watu wa inje, ni karibu 350 kila upande. Saa moja ya simu moja inakula karibu mega 78. Ukichagua namna ya kubana sauti yenye inaitwa G.729, saa moja inashuka karibu mega 28. Kwa hiyo, mbele ya kulipa, pimeni pia data yenye inapanda, hapana yenye inashuka tu. Ikipanda polepole, wao hawatakusikia hata kama wewe unawasikia muzuri.

Na satelite je? ARPTC ilikataza Starlink mu Machi 2024, kisha ikaipatia ruhusa mu Mei 2025. Satelite za zamani ziko kilometa karibu 36.000 juu, njo maana sauti inachelewa na watu wanaongea wakikatana. Za Starlink ziko karibu kilometa 550, sauti inafika haraka. Lakini antena inakula umeme. Ikikula wati 75, batri ya volti 12 na amperi-saa 100, ukitumia nusu yake tu kusudi isiharibike, itashika saa 8. Ruta na santrali ndogo peke yao zinakula kidogo sana kuliko ile. Kwa hiyo zimeni antena usiku, acheni santrali iendelee. Mwenye kununua antena bila kuhesabu pano na batri ataona giza saa ya shida.

Tena, musitupe kadi zenu. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti na SMS mu inchi, mpaka mu Januari 2019. Simu ya kawaida ndiyo ilibakia. Kila nyumba ibakie na kadi moja yenye inite, ya rezo yenye inashika muzuri pale. Na mujue: santrali ya jamaa yako ni mambo ya nyumba. Kuuzishia watu simu ni biashara, inaomba ruhusa.

Wandugu, kujisaidia hakufute deni ya serikali. Tangu 2020 walikuwa wanakata inite zetu kwa jina la RAM, dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G. Raiya walikataa, walisema, na mu 2022 ikaisha. Leo kuna Mufuko wa Huduma kwa Wote, FDSU, wenye kazi yake ni kupeleka rezo mahali kampuni hazioni faida. Vijiji vya Kabambare viko mahali pale. Tuna haki ya kuuliza kwa barua: minara gani imepangwa kwa Maniema ya kusini, wapi, na lini?

Kazi ya juma hii ni hii. Kila mutu aandike mu karatasi pesa yenye nyumba yake inatumia kwa inite na mega mu juma ine. Aandike nani anaita nani, na simu ngapi ni za ndani ya parsele. Aandike pia mahali rezo inakosa. Hesabu ya kwanza itaonyesha kama ruta moja inatosha. Orodha ya mahali bila rezo tutaiweka pamoja, itafuata barua yetu. Mutu akisema rezo iko kila mahali, tutamujibu na majina ya vijiji.