Chupa ya Mgonjwa Si Mzigo wa Mlanguzi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi wapiganaji wetu na askari polisi mnaolinda barabara, bandari na mipaka, leo tutazame kwa jirani zetu wa Uganda. Wenzetu hao walikabiliwa na swali linalomhusu kila mlinzi wa sheria: Je, dawa iwezayo kumwangamiza mtu mzima wa afya ndiyo izuiwe isimfikie mgonjwa?

Dawa yenyewe ni mofini. Asili yake ni utomvu wa mmea ule ule utoao kasumba, na kutokana nayo hutengenezwa heroini. Ndiyo maana mataifa yameiwekea mipaka. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unataka mgonjwa apewe kwa cheti, na kila nchi ikadirie mapema kiasi itakachohitaji kwa mwaka. Lakini mkataba huo huo, katika utangulizi wake, unakiri kwamba dawa za namna hii hazina budi kuwapo kwa ajili ya kutuliza maumivu. Sheria hii, basi, ina mikono miwili: mmoja wamzuia mlanguzi, wa pili wampa mgonjwa.

Nchini Uganda, kama katika nchi nyingi za Afrika, mkono wa kwanza ulikuwa na nguvu kuliko wa pili. Madaktari walikuwa wachache, na kijijini mgonjwa wa saratani alimaliza siku zake akigugumia kwa maumivu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha mjini Kampala shirika la Hospice Africa Uganda kwa ajili ya wagonjwa hao. Unga wa mofini ulichanganywa na maji, ukatiwa rangi kulingana na nguvu yake, ikawa dawa ya kunywa nyumbani. Kilibaki kikwazo cha sheria: daktari hayupo, nani aandike cheti? Mwaka 2004 serikali ilijibu kwa kanuni mpya. Wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya kuwatunza wagonjwa mahututi waliruhusiwa kuandika cheti cha mofini ya kunywa.

Tuelewane, ndugu wasikilizaji. Uganda haikubomoa ukuta. Ilifungua mlango, ikaweka mlinzi mlangoni. Asiye na mafunzo haandiki, na asiye na cheti hapewi.

Wapo wasemao kwamba mlango ukifunguliwa, dawa itafurika mitaani. Hofu hiyo si ya bure. Huko Marekani, tangu mwaka 1996, kampuni ya Purdue iliuza vidonge vya OxyContin huku ikipunguza kwa maneno hatari ya uraibu wake, na watu wengi wakaangamia kwa dawa za jamii hiyo. Mwaka 2016 ulitolewa mwongozo wa kuwabana waandikaji wa vyeti. Baadhi yao wakawakatia wagonjwa dawa ghafla, hata mwongozo ukarekebishwa mwaka 2022. Hilo latufunza mambo mawili: tamaa ya faida ikiachiwa huua, na mipaka ikitumiwa bila akili hutesa.

Askari anaingia wapi hapa? Anaingia kizuizini, barabarani. Mofini ya kunywa hutumiwa kila baada ya saa nne. Ndugu wa mgonjwa akinyang'anywa chupa asubuhi, kabla ya adhuhuri mtu yuko kitandani analia. Kwa hiyo askari mwenye nidhamu haimwagi chupa, wala hampigi kofi aliyeibeba. Hutaka cheti, husoma jina na kiasi, na akitia shaka huuliza hospitali iliyotoa dawa. Ukali wake huuelekeza kwa aibaye dawa stoo, aghushiye cheti, na apitishaye magunia usiku kwa njia za panya.

Wapiganaji mnalijua jambo hili kuliko wengi. Majeshi mengi yamebeba mofini vitani kwa ajili ya majeruhi, na hakuna aliyemwita majeruhi mhalifu kwa kutulizwa maumivu yake. Mama mzee mwenye saratani naye yumo vitani, tena hana silaha. Hitaji lake la kutulizwa limetambuliwa katika mkataba ule ule unaotaka mlanguzi aadhibiwe. Asomaye nusu ya sheria hajailinda sheria.