Gemu Inayosubiri na Gemu Isiyosubiri

Maandishi ya hotuba kwa wazazi, walezi na vijana wa Eldoret kuhusu michezo ya video

 

Kuna ugomvi mmoja unaojirudia jioni katika nyumba nyingi za mji huu, iwe ni Langas, Huruma, Kapsoya au Pioneer. Chakula kiko mezani. Mama anamwita mwanawe aliyeinamia simu. Kijana anajibu, "Nakuja, mama, dakika mbili tu." Dakika kumi zinapita. Mama anaita tena, safari hii kwa ukali. Mwishowe anamnyang'anya simu na kuizima. Kijana anafoka kwa namna ambayo hajawahi kumfokea mzazi wake, na mama anabaki ameduwaa: gemu tu ndiyo ya kumjibu mzazi hivyo?

Kijana amekosa adabu, na hilo halina mjadala. Lakini ugomvi huu una chanzo kinachoweza kuondolewa. Mzazi anadhani kila gemu inaweza kusimamishwa na kuendelezwa baadaye. Kijana yuko ndani ya gemu isiyosimama. Neno ni moja, lakini vitu vinavyotajwa ni viwili, na kila kimoja kina mvuto wake na hatari yake.

Michezo miwili, jina moja

Aina ya kwanza ni mchezo wa mtu mmoja. Mpinzani ni mashine. Mchezaji anaweza kuusimamisha, akaenda kuchota maji au kukamua ng'ombe, akarudi na kuukuta pale pale alipouacha. Wazazi wengi walicheza mchezo wa aina hii bila kuuita gemu. Nokia iliweka Snake, yule nyoka anayekula na kurefuka mpaka ajigonge, katika simu zake mwaka wa 1997, na kufikia miaka ya 2000 abiria wengi wa matatu walikuwa wakimlisha nyoka huyo safarini. Hapa Kenya, mwaka wa 2007, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta kuhusu mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika. Huo nao ni wa kuchezwa na mtu mmoja, kwa mwendo wake mwenyewe.

Aina ya pili ni mchezo wa wengi mtandaoni, kama vile PUBG Mobile, Free Fire na Call of Duty: Mobile. Hapa mpinzani ni mtu, na mwenzako wa timu ni mtu pia. Mmoja anaweza kuwa Langas, wa pili Kisumu, wa tatu Kampala. Mechi kubwa ya PUBG Mobile huanza na wachezaji hadi 100 na inaweza kufika nusu saa. Mechi ya Free Fire huchukua kama dakika 10. Katika mechi kama hizo hakuna kitufe cha kusimamisha, kwa sababu hakuna anayeweza kuwasimamisha watu wengine wote. Anayetoka katikati huiacha timu yake na pengo.

Jambo hili si geni. Wazee wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya mti wanalijua vizuri. Mzee akiitwa nyumbani wakati kete zake zinakaribia kuingia kingi, naye husema, "Nakuja, acha nimalize hii." Anajua kwamba mwenzake yuko hapo anasubiri zamu yake, na kuondoka ghafla ni kumvunjia heshima. Kijana mwenye simu yuko katika hali hiyo hiyo, ila mzazi hawaoni wenzake.

Kila mmoja una mvuto wake

Mchezo wa mtu mmoja huvutia kwa utulivu wake. Una hadithi yenye mwanzo na mwisho. Anayekosea hurudia mara kumi bila kuchekwa na yeyote. Mtoto mwenye haya, au aliyechoka na kelele za shule, hupata humo mahali pa kupumzisha akili. Na kwa mkazi wa kawaida kuna faida ya mfukoni: michezo mingi ya aina hii, ikishapakuliwa, haihitaji bando.

Mchezo wa wengi huvutia kwa sababu ya watu. Mashine ikizoeleka hushindwa kwa mbinu ile ile kila siku, lakini mtu hubadilika. Zaidi ya hapo, mchezaji anahitajika. Fikiria mvulana wa kidato cha pili ambaye wazazi wake wamehamia Eldoret kutoka mji mwingine. Shule ni mpya, mtaa ni mpya, marafiki hana. Saa moja jioni, vijana watatu wa mtaa wa zamani wanamsubiri mtandaoni. Wanamwita kwa jina lake la mchezo. Wakimkosa wanauliza yuko wapi. Kwa mvulana huyo, simu inapozimwa ghafla, kinachokatika ni mazungumzo na marafiki pekee alio nao.

Richard Bartle, ambaye pamoja na Roy Trubshaw alitengeneza mmojawapo wa michezo ya mwanzo ya wengi kupitia kompyuta katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka wa 1978, aliandika mwaka wa 1996 kwamba wachezaji hutafuta mambo manne: kufikia malengo, kuvumbua mambo ya ulimwengu wa mchezo, kukutana na watu, na kuwatawala au kuwasumbua wengine. Mawili ya mwanzo mtu anaweza kuyapata peke yake. Mawili ya mwisho hayapatikani bila watu, na hapo ndipo mchezo wa wengi unapopata utamu wake na sumu yake pia.

Wakazi wa mji huu wa mabingwa hawahitaji kuelezwa sana tofauti hiyo. Asubuhi katika barabara za Kaptagat huonekana wakimbiaji wa peke yao na huonekana makundi. Eliud Kipchoge alipokimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na kikosi cha wakimbiaji 41 waliopokezana zamu kumwongoza kasi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, wanariadha hufanya pia mazoezi mepesi ambayo kila mmoja huenda kwa mwendo wake, na hakuna anayesema moja ni kukimbia na jingine si kukimbia.

Mtandao nao ulichangia. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kufikia intaneti ya dunia. Setilaiti za namna hiyo ziko kama kilomita 36,000 juu ya ardhi, na ujumbe kwenda na jibu kurudi ulichukua kama nusu sekunde au zaidi. Katika mchezo wa kufyatua au kupiga mpira, nusu sekunde ni kushindwa. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, ucheleweshaji huo ulipungua sana. Baadaye simu za bei nafuu ziliupeleka mchezo wa wengi mpaka kitandani kwa mtoto.

Hatari nazo si sawa

Hatari ya mchezo wa mtu mmoja ni saa zinazopotea kimyakimya. Mtoto yuko chumbani, hana kelele, na kila mtu anadhani anasoma.

Mchezo wa wengi unaweza kula saa hizo pia, na unaongeza wageni. Anayezungumza na mtoto kwa maikrofoni anaweza kuwa mtu mzima anayejifanya mtoto. Kuna matusi, kuna wanaoomba picha, nambari ya simu au nenosiri. Kuna mavazi na silaha za mchezo zinazouzwa kwa pesa halisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inakataza unyanyasaji wa mtandaoni, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya dhuluma za mtandaoni. Mzazi au mtoto mwenye shida anaweza kupiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto.

Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea kucheza hata pale inapomharibia masomo, kazi au familia. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa muda wa kama miezi 12 kabla ya mtu kuambiwa ana uraibu. Kwa hiyo kijana anayechelewa mezani mara mbili kwa wiki si mgonjwa. Kijana aliyeacha kulala, kusoma na kula na wenzake anahitaji msaada mapema.

Vijana nao wasidanganyike kwamba kila mchezaji hodari atalipwa. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka wa 2018 kwa ustadi wake wa Tekken, na wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sheria. Waliofika hapo ni wachache, naye hakutupa vitabu.

La kufanya nyumbani

Mzazi aanze kwa maswali mawili: unacheza na nani, na mechi moja huchukua muda gani? Akijua ya kwanza, atajua kama kuna wageni. Akijua ya pili, atapanga saa. Kama chakula ni saa moja na nusu na mechi ni ya nusu saa, basi mechi ya mwisho isianze baada ya saa moja kamili. Sheria hiyo inafuatika. "Zima sasa hivi" katikati ya mechi huzaa vita kila jioni.

Kwa watoto wadogo, michezo ya mtu mmoja ni mwanzo ulio salama zaidi. Mzazi aangalie umri ulioandikwa kwenye mchezo kabla haujapakuliwa, na nambari ya siri ya pesa za simu ibaki kwake. Na siku moja akae kando ya mwanawe dakika kumi, atazame, aulize huyu ni nani na yule ni nani. Mengi atayasikia hapo kuliko katika mahojiano ya wiki nzima.

Kijana naye ana wajibu wake. Awaambie wenzake mapema saa atakayotoka, na ikifika, atoke. Rafiki wa kweli ataelewa kwamba mama amepakua chakula. Na akiitwa, asiseme dakika mbili huku akijua ni ishirini. Aseme ukweli: "Mama, mechi inaisha saa moja na dakika ishirini." Kisha saa hiyo ikifika, simu iwekwe chini na mikono inawe.