Kutiana Nguvu Katika Mungu



Neno letu ni 1 Samweli 23:16–18. Daudi yumo nyikani Zifu, akiwindwa na Sauli. Yonathani, mwana wa Sauli na mrithi wa kiti cha enzi, aliondoka akamwendea. Hatusomi kwamba alichukua mkate wala upanga. Aliuimarisha mkono wa rafikiye katika Mungu, akakiri kwamba Daudi ndiye atakayetawala, naye awe wa pili. Wakafanya agano, wakaachana. Hatusomi kwamba walionana tena.

Mimi niliwahi kumtembelea mchungaji mwenzangu aliyevunjika moyo. Nilimpelekea sukari na habari za usharika, nikarudi nyumbani bila kuomba naye. Sukari si dhambi. Lakini yeye hakuwa na njaa.

Baadaye Siklagi iliteketezwa, na watu wa Daudi mwenyewe wakataka kumpiga kwa mawe (30:6). Yonathani hayupo. Hapo Daudi alijitia nguvu katika Bwana, na kitenzi cha Kiebrania ni kile kile cha Zifu. Alilotendewa na rafiki nyikani, sasa alilitenda akiwa peke yake. Katika sura inayofuata, Yonathani anaanguka mlimani Gilboa.