VIJANA WETU WALIOKWAMA MELINI: MANENO YA KATIBU KWENYE KIKAO CHA TAWI

Ndugu Mwenyekiti, wazazi wetu, ndugu wanachama,

Vijana wetu wawili wako kwenye meli ya mizigo iliyotia nanga katika Ghuba. Huu ni mwezi wa tatu hawajalipwa, chakula kinapungua na mwenye meli hapokei simu. Sasa wakala aliyewapeleka anawataka wazazi watafute nauli ya ndege.

Msimamo wa tawi: nauli hiyo isitolewe kwanza. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Tanzania imeuridhia, unaweka gharama ya kumrudisha baharia kwao juu ya mwenye meli. Akikaa miezi 2 bila kulipa mishahara, baharia anahesabika ametelekezwa. Tangu Januari 2017, meli za nchi zilizoridhia lazima ziwe na bima ya jambo hili. Bima hulipa nauli, chakula na malimbikizo ya mshahara yasiyozidi miezi 4.

Cheti cha bima hubandikwa melini mahali pa wazi. Tumewaambia vijana wakipige picha pamoja na mikataba yao ya kazi. Bima inaweza kusitishwa kwa notisi ya siku 30, kwa hiyo tunazitaka picha hizo kabla ya Jumatano. Tukizipata tutaiandikia kampuni ya bima, TASAC, ubalozi wetu, na ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji.

Tumewaonya pia wasisaini karatasi wasiyoielewa. Meli ya Aman ilipozuiliwa Misri mwaka 2017, mahakama ilimfanya baharia mmoja wa Syria kuwa mlinzi wa kisheria wa meli. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki hadi Aprili 2021.

Mchango wa leo ni shilingi 186,000. Ni wa chakula cha familia hizo mbili, si wa wakala. Risiti ziko kwa mweka hazina na hesabu zitasomwa kikao kijacho. Ikibainika bima imekwisha, tutaitana tena tuamue suala la nauli.

Tumesikia minong'ono kwamba mmoja wao si mwanachama wetu. Ni kweli, si mwanachama. Ni mtoto wa mtaa huu, na mama yake tumekaa naye hapa.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Tawi