Mikono Kutetemeka Si Ulevi

(Maneno ya mwanachama mmoja wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi)



Leo sikuja kusema habari za mishahara. Nataka kuwaeleza habari za ugonjwa, kwa sababu ugonjwa huo ulitaka kuninyang'anya kazi.

Mwaka juzi mikono yangu ilianza kutetemeka hata nati ndogo ikanishinda. Nilikula chakula cha watu wawili, lakini nikakonda mpaka mshipi ukatobolewa matundu mapya. Nilitoka jasho usiku wa baridi, moyo ukaenda mbio hali nimelala, na hasira zikawa karibu. Wenzangu walinong'ona kwamba nakunywa. Wengine wakasema nimerogwa. Msimamizi akaandika barua kwamba nafika kazini nimelewa, na mimi pombe siionji. Katibu wa tawi letu ndiye aliyesema, "Kabla ya kumhukumu, apimwe kwanza."

Damu yangu ilipopimwa, ikajulikana kuwa ni tezi ya shingo. Tezi hiyo hukaa mbele, chini ya kongomeo, nayo ina umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutia katika damu homoni inayoongoza mwendo wa mwili. Ikitia kupita kiasi, mwili huwa kama injini iliyosimama stesheni huku ikinguruma kwa nguvu zote: mafuta yanakwisha na vyombo vinachakaa. Wengine huvimba shingo, wengine macho hutokeza. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Ugonjwa huu ukiachwa waweza kuuharibu moyo.

Dawa ziko. Kuna vidonge vya kabimazoli, ambavyo huipunguzia tezi kazi. Havileti nafuu kwa siku moja. Ngojeni majuma kadhaa, na mara nyingi humezwa miezi 12 hadi 18. Vidonge vya propranololi hutuliza moyo na mitetemeko, lakini mwenye pumu amwambie daktari kwanza. Hayo yasipofaa, kuna iodini yenye miali, ambayo mgonjwa huimeza nayo huiua tezi kidogo kidogo, au kuna kupasuliwa. Baada ya hapo wengi humeza kidonge cha homoni kila siku maisha yao yote.

Shikeni sana neno hili: ukiwa unameza kabimazoli, ukapata homa na koo kuuma, acha dawa, nenda hospitali siku ile ile ukapimwe damu. Mama mwenye mimba amwambie daktari mapema. Mvuta sigara aache, maana moshi huzidisha ubaya wa macho.

Ndugu zangu, leo nafunga nati bila kutetemeka, na barua ile imeondolewa katika faili langu. Basi mkimwona mwenzenu anatetemeka na kukonda, msimcheke. Mpelekeni akapimwe, na chama kisimame naye.