Mzabibu na Mvua ya Uluguru

Leo tuzungumze juu ya zabibu. Wapo wakulima wa milimani wanaotuuliza sisi mabwana shamba: ikiwa Dodoma, nchi ya vumbi, wanavuna zabibu na kutoa divai, kwa nini sisi wa Uluguru wenye maji na udongo mzuri tusing'oe migomba tukapanda mizabibu? Swali ni zuri. Lakini kabla hujashika jembe, sikiliza kwanza.

Neno lenyewe divai limetoka katika Kifaransa. Miongoni mwa walioizoeza kwetu ni mapadri wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye wakafika huku Morogoro. Basi na tuanzie huko huko Ufaransa.

Kusini mwa nchi ile, karibu na mto Rhône, uko mji mdogo uitwao Châteauneuf-du-Pape. Divai yake nyekundu ina jina kubwa duniani. Ukiyaona mashamba yake utashangaa, maana mengi yamejaa mawe ya mviringo, makubwa kuliko viazi. Kiangazi chao ni kikavu, na upepo mkali wa kaskazini huvikausha vichala. Mwaka 1923 wakulima wa pale walianza kujiwekea kanuni. Mojawapo ilisema shamba la divai yao liwe mahali pakame, panapoota lavenda na thaimu, mimea ya harufu inayopenda ardhi kavu. Bondeni penye rutuba na maji, hapana! Mwaka 1936 jina la divai yao likapata ulinzi wa sheria ya nchi.

Kwa nini wang'ang'anie ukame? Zabibu ya divai hutakiwa kuwa na sukari nyingi, kwa kuwa chachu hula sukari hiyo ndipo divai ipatikane. Mvua ikinyesha karibu na kuvuna, punje hunywa maji, huvimba, hupasuka na kuoza. Na ule wekundu wa divai hautoki kwenye maji ya zabibu, ambayo kwa kawaida hayana rangi. Hutoka kwenye maganda, yanayoachwa yachachuke pamoja na maji yake. Maganda yaliyooza yataharibu divai yote. Tena majani yasiyokauka huleta ukungu, nawe utakuwa mtumwa wa bomba la dawa.

Sasa tazama Dodoma. Wamisionari walipanda mizabibu pale Bihawana katika miaka ya 1950. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua tupu. Ufaransa mzabibu hulala wakati wa baridi, ukapukutisha majani, kisha huamka wenyewe joto likirudi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huuamsha kwa mkasi. Akishapogoa, machipukizi hutoka, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Ndiyo maana Mfaransa huvuna mara moja kwa mwaka na Mgogo mara mbili. Mavuno ya Agosti na Septemba huivia kwenye jua. Yale ya Februari na Machi hukutana na mvua, na hapo ndipo taabu ya kuoza huanza.

Haya, rudi kwetu. Miteremko ya mashariki ya Uluguru ina sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndugu yangu wa Kinole au Tawa, wewe huna miezi ya kutegemea kuwa mikavu. Mgeta, upande wa pili, mvua ni kidogo kuliko hiyo, lakini mawingu na baridi ya mlimani vipo. Fyulisi na matunda damu wanayapenda mazingira hayo, mzabibu wa divai hauyapendi. Mimi nina kipimo changu: panapostawi mgomba bila kumwagiliwa, usipande mzabibu wa biashara. Mche mmoja wa kivuli nyumbani, panda, watoto wale.

Na kuna habari ya soko. Zabibu zikiiva hazingoji. Viwanda vya divai viko Dodoma, na hata huko wakulima wamepata kukosa mnunuzi mavuno yalipokuwa mengi. Wewe utazishusha vipi kutoka mlimani wakati wa masika, gari limekwama na maji ya zabibu yanachuruzika kwenye tenga? Wakati huo nguzo na waya umeshanunua, na mgomba umeshang'oa.

Kitu cha kuiga kwa wale Wafaransa ni uchambuzi. Kanuni yao huwataka wavune kwa mkono na kutupa zabibu mbovu, wasiingize zote pipani. Sisi tuna pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki. Lakini mtu akiogopa wezi huchuma pilipili ingali changa, huianika chini pamoja na mchanga, kisha huichanganya na nzuri ili mzigo uwe mzito. Mnunuzi akiona gunia moja la namna hiyo, hushusha bei ya kijiji kizima, na yule aliyeanika juu ya mkeka naye anaumia. Kaeni kikao, mkubaliane siku ya kuanza kuchuma na namna ya kuanika. Na mzigo usiochambuliwa usipimwe.

Nanyi ndugu wa Gairo, najua mnasikiliza. Kwenu ni kukavu, na mnapakana na mkoa wa Dodoma. Ninyi mnaweza kujaribu, lakini kama una maji ya kumwagilia. Usianze na ekari nzima. Anza na miche 20, uitazame kwa miaka miwili mitatu, na kabla ya kununua vipando waulize wataalamu wa kituo cha utafiti cha Makutupora, Dodoma. Uliza pia nani atanunua, na atanunua kwa kilo shilingi ngapi.

Kwaherini, ndugu wakulima.