"Hiyo ni Nadharia Tu!"



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mnaosoma jarida hili mkingojea adhana ya Maghrib, mada yangu ni neno moja: nadharia. Mwanafunzi akifundishwa chuoni asili ya ulimwengu, husema, "Hiyo ni nadharia tu," akafunga kitabu. Mwengine humeza kila kitu, akaona dini haina kazi tena. Wote wawili hawajauliza nadharia ni nini.

Wazo linalongoja kupimwa huitwa dhana. Nadharia ni zaidi ya hapo. Ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyoonekana, na yanayotabiri jambo linaloweza kuchunguzwa. Utabiri ukienda kombo, nadharia hurekebishwa au huachwa. Sisi wa madrasa si wageni wa haya. Hadithi haipokewi hivi hivi, huangaliwa isnadi yake: kuna sahihi, kuna dhaifu. Ushahidi wa sayansi nao una daraja zake.

Chukua mfano. Mwaka 1931 Georges Lemaître, kasisi wa Ubelgiji na mtaalamu wa fizikia, alisema ulimwengu ulianza ukiwa umesongamana sana, kisha ukatanuka. Fred Hoyle wa Uingereza akapinga. Kwake yeye ulimwengu haukuwa na mwanzo. Nani aliamua? Ushahidi. Mwaka 1965 Penzias na Wilson wa Marekani walitangaza kuwa wamenasa mawimbi hafifu, jamii ya yale ya redio, yakitoka kila upande wa anga. Ni mabaki ya joto la zamani zile. Nadharia ya Hoyle ilishindwa kuyaeleza vizuri. Leo umri wa ulimwengu unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Lakini sikiliza hili. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliihusisha nadharia hiyo na uumbaji. Lemaître, kasisi mwenyewe, hakupendezwa. Aliona fizikia haithibitishi dini wala haiikanushi. Basi ndugu yangu, nadharia hurekebishwa. Ukiifunga imani yako hapo, siku ikirekebishwa utashika wapi?

Sayansi hueleza mambo yalivyotokea. Kwa nini tupo, na tuishi vipi, hilo halionekani kwa darubini. Kwa hivyo soma, na kama ni asili ya nyota au ya viumbe, uliza kwanza: ushahidi ni upi? Kisha uliza: je, hili ni swali la sayansi kweli?

Wallahu a'lam. Ramadhan Kareem.